Nilikiri Nisilolitenda, Mwanangu Akizidi Kutapika

Assalaam alaykum, mama zangu, nanyi wenzangu mliopakata watoto. Wakubwa, shikamooni. Aliyeniita kusema ameniambia nisiogope. Nimemjibu kuwa kuogopa ndiyo kazi niliyoizoea, nitasema hivyo hivyo nikiogopa. Majina ya watu sitayataja. Wengine wako hai, wengine ni jamaa zenu, na kesho kisimani tutakutana mimi na nyinyi.

Yaliyonifika yalinifika mwaka ule wa Uhuru. Nilikuwa nimeolewa hapa kusini ya Msambweni, nami ni msichana bado, sijajua hata kupima chumvi ya mchuzi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine asije. Nyumbani nilikaa na mavyaa wangu, mama wa mume. Msinielewe vibaya, mavyaa alinipenda. Nilipojifungua mtoto wa kiume, wangu wa kwanza na mjukuu wake wa kwanza, alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na uji wa pilipili manga alininywesha yeye mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, mlango huo usiuvuke mpaka arobaini itimie." Nami sikuuvuka.

Wiki mbili mtoto alinyonya, akalala, akanenepa. Wiki ya tatu akaanza kutapika.

Mwanzo tuliona ni kucheua tu. Mtoto gani hacheui? Lakini kila siku ikawa zaidi. Akimaliza kunyonya hutulia kidogo, hukunja uso, kisha maziwa humtoka kwa nguvu, yakaruka yakapita goti langu yakaanguka kule mkekani, kama mtu atemaye maji ya kusukutua. Na sasa sikilizeni vizuri hapa, mama zangu, maana hili ndilo nililoitiwa. Akishatapika, hapo hapo analia njaa. Hakuwa mtoto aliyekataa ziwa. Alilitafuta kwa mdomo wazi, akalikamata, akanyonya kwa pupa, akatapika tena. Tumboni hakikubaki kitu.

Mavyaa alimsomea, akamfunga hirizi, akaniamrisha niache pweza na niache embe mbichi. Niliacha. Ningeacha hata maji kama angeniambia. Mtoto akakonda mpaka uso ukawa wa mzee. Utosi ukabonyea. Kitambaa nilichomfunga asubuhi nilikigusa alasiri kikiwa kikavu. Akilia, machozi hayatoki. Niliogopa hata kumtazama, kisha nikaogopa kuacha kumtazama.

Ndipo wakaja wanawake kumwona mzazi. Mmoja akamtazama mtoto, akamtazama mavyaa, akasema polepole, "Huyu si chirwa huyu?"

Wenzetu wa bara mlio hapa pengine neno hili hamlijui. Kwetu husemwa kuwa mama au baba akitoka nje ya ndoa yake, mtoto akiwa tumboni au angali mchanga, mtoto huyo hukonda akafa. Huo ugonjwa ndio chirwa. Na dawa yake haishiki mpaka mwenye kosa aseme kwa kinywa chake, alitoka na nani na lini. Mimi sisemi chirwa ipo, wala sisemi haipo, wazee wangu wamo humu ndani. Ninalosema ni kwamba mwanangu hakuwa nayo.

Siku ya pili yake, baada ya chai ya asubuhi, nikawekwa kati. Walikuwa watatu na mavyaa wa nne. Hakuna aliyenipigia kelele. Wangalinipigia kelele ningalijua la kufanya. Walikuja kwa upole.

"Sema tu, mwanangu. Hakuna atakayekupiga."

"Sina la kusema, mama."

"Hata sisi tulikuwa wasichana. Mume yuko mbali, shetani yuko karibu. Sema tumwokoe mtoto."

"Wallahi sikutoka na mtu."

"Basi humpendi mwanao."

Nilikataa mara ya kwanza, nikakataa mara ya kumi. Jua likapanda hadi adhuhuri. Mtoto yuko pajani pangu, hata kulia sasa halii, anafungua mdomo tu. Nikafikiri: kama dawa hii ni ya kweli, inangoja mimi niseme. Nikiwa mkaidi na mtoto akafa, nitakuwa nimemwua kwa sababu ya heshima yangu. Na kama dawa si ya kweli, basi nimepoteza jina tu. Ndivyo nilivyopiga hesabu, nami wakati huo nilijiona mwerevu.

Nikasema, "Ndiyo. Nilitoka."

Mavyaa alishusha leso akafunika uso wake wote. Yule mwingine akauliza, "Na nani?"

Hapo nikakwama. Nimtaje nani? Nikimtaja jirani, atapigwa panga. Nikimtaja binamu, ukoo utavunjika. Likanijia kinywani jina la rafiki wa mume wangu, mwenzake wa chumba huko Mombasa, aliyekuja naye nyumbani kwetu mara moja tu wakati wa harusi. Nilimchagua kwa kuwa yuko mbali, panga halitamfikia upesi. Uongo wa woga hauna mpango, unashika kilicho karibu. Wakauliza lini. Nikasema wakati wa masika.

Mtu wa watu, nimemchafua hivyo, naye hajui.

Mganga aliitwa mchana ule ule, akaja na chungu chake cha majani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, asiyependa kuongezewa habari. Akamwogesha mtoto kwa maji ya dawa, akanirudishia, akasema, "Mnyonyeshe hapa nimwone." Mtoto alikuwa uchi pajani pangu, tumbo li wazi. Akanyonya kwa nguvu zake zote zilizobaki.

Basi sote tukaliona. Chini ya mbavu zake za kushoto kilivimba kitu chini ya ngozi, kama ngumi ndogo, kikatambaa polepole kwenda upande wa kulia, kikapotea. Kikaja kingine kikafuata njia ile ile. Wale wanawake walisogea nyuma. Mmoja akasema ni nyoka. Mimi nilimshika kwa mikono miwili nisije nikamwangusha. Kisha mtoto akakunja uso, na maziwa yakaruka yakampata mganga kifuani.

Akajifuta kwa kiganja. Hakukasirika kwa hilo, alikasirika kwa jingine.

"Nani aliwaambia hii ni chirwa?" akauliza. "Mimi nimeogesha watoto wa chirwa tangu nywele zangu nyeusi. Mtoto wa chirwa hulichoka ziwa, ukimpa hugeuza uso. Huyu ananyonya kama aliyefunga tangu alfajiri. Huyu ana njaa. Kuna kitu kimemziba ndani na chakula hakipiti." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, hayo niliyoambiwa umeyakiri, ni kweli?"

Mama zangu, hapo palikuwa ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mganga mwenyewe. Nikamtazama mavyaa, nikawatazama wale watatu, nikaogopa kuonekana mzinzi na mwongo pamoja. Nikanyamaza. Kunyamaza kule nakujutia kuliko uongo wenyewe.

Mganga akasema, "Haya, shauri lako. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho."

Mavyaa akasema, "Arobaini haijatimia."

"Na akifa, hiyo arobaini utamtimizia nani?" Akabeba chungu chake. Kuku tuliyemfungia kuwa ujira wake alimwacha pale pale.

Nilivuka ule mlango nikiwa na siku thelathini na mbili. Mavyaa ndiye aliyembeba mtoto, na njia nzima hakunisemesha. Hospitalini kulikuwa na msaidizi wa daktari, kijana mpole. Alimpa mtoto maji ya sukari kwa kijiko, akalitazama tumbo, kisha akaweka vidole viwili karibu na kitovu, upande wa kulia, akafumba macho. Akasema, "Mama, lete mkono wako." Akanibonyesha pale. Ndani palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kama tunda bichi la kunazi.

"Hapa ndipo chakula kinapotoka tumboni kwenda kwenye utumbo," akaniambia. "Nyama ya mlango huu imekuwa nene mno, imeubana. Maziwa yakifika hapa yanarudi. Si kosa la maziwa yako, wala hakuna aliyemfanya kitu. Watoto wengine huwa hivi, na wa kiume zaidi. Lakini dawa ya kunywa haitapita. Atapasuliwa, na ni Mombasa."

Nilisikia hilo moja tu: atapasuliwa. Mimi hata jipu langu mwenyewe sijawahi kukubali lipasuliwe. Mtoto huyu alikuwa mdogo hivi kwamba mkono wangu mmoja ulitosha kumfunika kifua na tumbo. Nilijiuliza kisu chenyewe kitaingia wapi. Nikasema nataka kurudi nyumbani. Yule kijana hakubishana nami. Alisema, "Ukirudi nyumbani, mama, utamzika Ijumaa." Alilisema kwa sauti ya chini, ndiyo sababu nililiamini.

Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Kwale. Tukapakiwa kwenye lori la nazi, mimi na mavyaa mbele pamoja na dereva. Mji ulikuwa katika shangwe za Uhuru, tulipofika Likoni watu walikuwa wakiimba kwenye feri, wengine wamejifunga vitambaa vya rangi za bendera. Mimi nilikuwa na kidole changu chini ya pua ya mtoto, nikingoja pumzi. Ikitoka, nangoja nyingine. Mtu mmoja akaniambia, "Mama, imba, tumejitawala!" Nikamtazama tu. Leo huwa nacheka nikikumbuka, lakini siku ile nilitamani feri yote inyamaze nisikie anavyopumua.

Huko hospitali kubwa walimnyoa nywele upande mmoja wa kichwa, wakamtia sindano kwenye mshipa wa kichwani, wakamtundikia chupa ya maji. Daktari alikuwa Mhindi mtu mzima. Akasema mtoto amekauka, lazima maji yaingie kwanza mwilini, apasuliwe asubuhi. "Baba yake yuko wapi? Tunahitaji sahihi yake kabla hatujampasua."

Mavyaa akasema ataenda kumwita, chumba chake si mbali. Alipotoka mlangoni ndipo nikakumbuka. Wao wawili watatembea njia moja mpaka hapa. Atamweleza.

Walikuja kabla ya Magharibi. Sikuhitaji kuuliza kama ameambiwa. Mume wangu alisimama upande wa pili wa kitanda, akamtazama mtoto mwenye sindano kichwani, na mkono wake ukaanza kwenda kumgusa, kisha akaurudisha. Muuguzi akamletea karatasi na kidau cha wino.

Akasema, "Mama ameniambia ulichokiri."

Akakitazama kidau cha wino.

"Basi hapa natia dole la mtoto wa nani?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Uongo nilioutoa ili mtoto apone ndio uliokuwa unamwua sasa, tena kwa mkono wa baba yake. Na nikisema sasa kwamba nilidanganya, nani ataniamini? Kila mwanamke aliyefumaniwa husema hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Tia dole. Mwokoe kwanza. Kisha talaka yangu iandikwe juu ya meza hiyo hiyo, nitaipokea."

"Ni nani?" akasema. "Mama ameona haya kunitajia. Nitajie wewe."

Nikamtaja. Yule rafiki yake, mwenzake wa chumba.

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa anamtazama mama yake, na uso umembadilika.

"Mama, ndilo jina hili?"

"Ndilo, mwanangu. Nililisikia kwa masikio yangu."

"Akasema lini?"

"Masika."

Akakaa kitako pale sakafuni. "Mama," akasema, "huyu alivunjika paja bandarini kabla ya masika. Masika yote alikuwa kitandani kwangu, mguu una plasta mpaka kiunoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa beseni, mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Mtu asiyeweza kujigeuza ubavu, ndiye aliyevuka Likoni akaenda Msambweni kunichukulia mke?"

Mavyaa akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mlimwuliza mara ngapi?" akauliza mume wangu.

"Tangu chai ya asubuhi," akasema mavyaa, kwa sauti ndogo, "mpaka adhuhuri."

Nami ndipo ulimi ukafunguka. Nikasema yote: kwamba sikutoka na mtu, kwamba waliniambia dawa haitashika, kwamba jina nililichomoa tu. Nililia mpaka muuguzi akaja kunituliza. Yule aliyevunjika paja, Mungu mwenyewe ndiye aliyenitia jina lake kinywani, maana mimi habari ya mguu wake sikuijua hata kidogo. Ningemtaja mtu mwingine yeyote mwenye miguu yake miwili, mwanangu asingekuwepo.

Mume wangu akachovya kidole. Kiliteleza, alama ikatoka mbili mbili, muuguzi akamwambia arudie. Akarudia.

Asubuhi walimchukua. Mimi na mavyaa tuliketi kwenye benchi. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na imani. Sikuwa nayo. Nilikuwa na woga tu. Kila mlango ukilia nilijua wanakuja kuniambia. Nilishaanza kufikiri tutamrudisha vipi, nimfunge kwa kanga gani. Mavyaa alishika pindo la leso yangu na hakuliachia hata alipokwenda kunywa maji, mpaka nikalazimika kwenda naye.

Mlango ukafunguka, daktari akatoka akivua kofia. Akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Mama, nyama nimepasua kidogo tu, njia iko wazi. Toto zima."

Jioni wakampa maji kwa kijiko. Kesho yake wakaniruhusu nimnyonyeshe, kidogo kidogo. Nilikaa na kitambaa mkononi, nikingoja. Akanyonya. Akatulia. Akakunja uso, nami roho ikanitoka. Akapiga chafya. Chafya tu! Kisha akalala. Baada ya muda nikahisi majimaji ya moto mapajani pangu, akanikojolea leso, gauni, mpaka godoro. Nililia kwa furaha ya mkojo, na mavyaa akalia, na wagonjwa wenzetu wakatuona wendawazimu.

Sasa yuko shule, darasa la pili, na ana kovu hapa juu ya kitovu analowaonyesha wenzake kwa kujivunia. Yule rafiki wa mume wangu alipoelezwa alicheka mpaka akaitafuta fimbo yake. Yeye amesamehe. Mimi nikimwona njiani mpaka leo nazunguka nyuma ya nyumba.

Namshukuru yule kijana wa hospitali aliyenishikisha kidole mahali pa ugonjwa, nikajua si maziwa yangu. Namshukuru daktari. Namshukuru mume wangu, aliyeuliza swali moja zaidi kabla ya kuhukumu, maana wengi hawaulizi. Namshukuru mganga, naye msishangae, kwa kuwa alijua kazi yake inaishia wapi. Na mavyaa wangu namshukuru. Ilimchukua siku sita kuniambia "niwie radhi", lakini aliniambia mbele ya wale wale watatu.

Ninalowaachia ni hili. Mtoto wa wiki tatu, wiki nne, tano, akianza kutapika kwa kuruka kila anyonyapo, kisha akalia njaa papo hapo, na vitambaa vinakaa vikavu, na tumbo linacheza akimaliza kunyonya, usimpe jina ugonjwa huo wewe. Usihesabu arobaini. Mpeleke. Na nyinyi mama zangu wakubwa, kabla hamjamwuliza mzazi alikuwa na nani, mwulizeni kwanza mtoto anatapika vipi. Mzazi mwenye woga atawajibu lolote mnalotaka kulisikia.

Nilikusudia tumalizie kwa dua. Lakini kuna mwenzetu mmoja pale nyuma, jina lake silitaji, ambaye tangu nianze kusema amekwishafuta maziwa kwenye leso yake mara tatu, na mtoto bado anatafuta ziwa. Dada yangu, usimtazame aliyeketi kando yako. Inuka. Kliniki iko hapo ng'ambo ya barabara na muuguzi hajafunga. Mimi nakuja nawe, na wenzetu hawa dua watatuombea tukiwa njiani.